Ndege za nauli chee: Mgeni njoo, lakini tusiache mbachao

MZEE mmoja mkulima wa parachichi wilayani Rungwe alinisimamisha nje ya ukumbi tulipomaliza semina ya wakulima. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri.

"Mwanangu, nasikia wazungu wanataka kutuletea tena zile ndege za bei rahisi, watu wapande kama daladala. Wewe umesomea uchumi wa kilimo. Hebu niambie, mimi na parachichi zangu tunapata nini hapo?"

Nilimjibu kijuujuu kwamba usafiri ukiwa rahisi uchumi unakua. Akacheka, akasema, "Uchumi wa nani?" Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kila baada ya miaka michache habari ya namna hii hurudi. Kampuni ya ndege ya nje inapima soko, inatazama ramani yetu kubwa yenye miji iliyo mbali mbali, inaona watu wanakaa kwenye basi kutwa nzima, inasema hapa pana biashara. Magazeti yanaandika, wasomi wanashangilia, wenye mabasi wananuna.

Naomba nieleweke mapema. Sipingi ndege za nauli chee. Ninachosema ni kimoja tu: kila nauli iliyo chini ya gharama ina mtu anayeilipia. Kabla ya kushangilia, mkulima na mfanyabiashara mdogo wamjue mtu huyo ni nani, na atachoka kulipa lini.

Tuanze na tuliyoyaona kwa macho yetu.

Mwishoni mwa Novemba 2012, nilipokuwa bado mwanafunzi Morogoro, kampuni ya Fastjet ilirusha ndege zake za kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Wenye mali walikuwa nje, na hisa zao zikiuzwa katika soko la London. Jina walilipata kwa mkataba na kundi la yule mwanzilishi wa easyJet ya Uingereza. Nauli ya chini kabisa iliyotangazwa ilikuwa Sh32,000, yaani dola 20 za Marekani, kodi na ada za uwanja zikiwa kando. Kwa safari ya Mwanza, kiasi hicho hakikuwa mbali na nauli ya basi.

Mwaka uliofuata wakaanza kwenda Mbeya kupitia uwanja mpya wa Songwe. Abiria wengi walikuwa wanapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Tiketi ililipiwa kwa simu ya mkononi, kama tunavyolipia luku. Kwa kweli ilikuwa ni mapinduzi, na asiyekiri hilo hasemi kweli.

Lakini miaka sita baadaye shughuli ikaisha. Mwezi Novemba 2018 wenye mali wa nje walijitoa na kuiacha kampuni mikononi mwa Watanzania. Desemba 2018, watu wakiwa wanajiandaa kwenda makwao kwa sikukuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) iliipa notisi ya siku 28 ya kufuta leseni yake, ikitaja madeni na hali mbaya ya fedha. Ndege zikakoma. Waliokuwa na tiketi mkononi wakarudi kupanga foleni Ubungo.

Nini kilitokea? Wapo wanaosema ni siasa, kwa kuwa Serikali ya Awamu ya Tano ilianza kununua ndege mpya za Air Tanzania (ATCL) kuanzia mwaka 2016. Ushindani huo ulikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini hata bila huo, hesabu ilikuwa imekaa vibaya, na hesabu yenyewe inaweza kueleweka na yeyote anayenunua mbolea kutoka nje.

Mapato ya ndege ya ndani ni shilingi. Matumizi yake makubwa ni dola. Ndege yenyewe mara nyingi ni ya kukodi, na kodi yake hulipwa kwa dola. Mafuta yanaagizwa kwa dola. Bima, vipuri na matengenezo makubwa ni dola.

Mwishoni mwa 2012 dola moja ilikuwa kama Sh1,600. Mwishoni mwa 2018 ilikuwa kama Sh2,300. Kwa hiyo zile dola 20 zilizokuwa Sh32,000 zikawa Sh46,000. Kama kampuni ikipandisha nauli, abiria wa kipato cha chini anarudi kwenye basi. Isipopandisha, inajilia mtaji wake. Mkulima aliyewahi kukopa kwa dola na kuuza mahindi kwa shilingi anaijua adha hiyo.

Jambo la pili ni viti. Fastjet ilianza na ndege aina ya Airbus A319 zenye viti 156. Ndege ya nauli chee inapata faida pale tu inapojaa, tena kila siku. Ukipakia watu 80 katika viti 156, ni sawa na kukodi fuso la kupeleka magunia machache sokoni. Baadaye wakahamia ndege ndogo zaidi, Embraer 190 zenye viti 104, lakini kufikia hapo fedha nyingi zilikuwa zimekwishateketea.

Jambo la tatu ni muda. Siri ya kampuni hizi Ulaya ni kwamba ndege haipumziki. Inatua, abiria wanashuka, wengine wanapanda, na katika nusu saa iko hewani tena, tangu alfajiri hadi usiku. Kwetu viwanja vingi vya mikoani havikuwa na taa za kuongozea ndege usiku, Songwe ukiwemo kwa miaka mingi. Jua likizama, ndege inalala. Lakini mwenye ndege anadai kodi yake ya mwezi mzima, mchana na usiku.

Sasa turudi kwenye swali langu. Tangu 2012, ile nafuu ya nauli aliilipia nani? Sehemu kubwa aliilipia mwenye hisa wa London, aliyekuwa anaongeza fedha mwaka hadi mwaka akitumaini soko litakomaa. Alipochoka, nafuu ikaondoka.

Na nafuu inayotoka ATCL inalipiwa na nani? Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimeonyesha hasara za shirika hilo kwa miaka mfululizo. Hasara ya shirika la umma haifutiki hewani. Inabebwa na mlipa kodi, pamoja na yule wa kijijini Sumbawanga ambaye hajawahi hata kuuona uwanja wa ndege, lakini analipa kodi kila anaponunua sukari na vocha ya simu.

Kwa msingi huo, nikiulizwa nichague nani abebe gharama ya kulijaribu soko, nitasema mgeni abebe. Ndiyo maana ya ule msemo wa wazee, mgeni njoo mwenyeji apone. Shida inakuja pale mwenyeji anapodhani mgeni amekuja kukaa milele.

Tusiseme pia kwamba mambo haya ni ya Tanzania peke yake. Mwaka 2017 Fastjet ilianza safari za ndani Msumbiji, na Oktoba 2019 ikazisimamisha. AirAsia ya Malaysia iliingia Japan kwa ubia, ubia ukavunjika 2013. Ikarudi tena kwa sura nyingine, ikafunga 2020. Nchini India ilianza kuruka 2014 ikishirikiana na kundi la Tata, na hatimaye ikawauzia wenyeji hisa zake zote. Kwa upande mwingine, Ryanair ya Ireland mwaka 2024 ilianza safari za ndani za Morocco, ikiunganisha miji ambayo mtu alizoea kwenda kwa barabara au reli. Wapo wanaofanikiwa na wapo wanaoshindwa. Hakuna anayeweza kukuhakikishia mgeni wako atakuwa wa kundi lipi.

Sheria nayo ina la kusema. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, unairuhusu kila nchi kuzizuia ndege za kigeni kubeba abiria kati ya miji yake miwili. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliondoleana kizuizi hicho kikamilifu mwaka 1997, ndiyo maana kampuni ya Ireland inabeba Mtaliano kutoka Milan kwenda Sicily. Afrika hatujafika huko. Kwa hiyo mgeni akitaka safari za ndani huingia kwa mlango wa ubia na kampuni yenye leseni ya hapa, kama Fastjet ilivyoingia kwa kuinunua Fly540 mwaka 2012.

Na hapa hatuanzi leo. Mwishoni mwa 2002 shirika la ndege la Afrika Kusini lilinunua asilimia 49 ya Air Tanzania. Ndoa hiyo ilivunjika 2006, na sisi tukabaki tunaanza upya. Ubia si dawa kwa yenyewe. Kinachotakiwa ni masharti yaliyoandikwa kabla ya harusi.

Tuje kwa msomaji wa ukurasa huu. Ndege ya nauli chee inamfaa nani hasa?

Wa kwanza kufaidika ni mfanyabiashara mdogo, si mkulima. Tuchukulie mama mwenye duka la vitenge Mwanjelwa, Mbeya, anayefuata mali Kariakoo. Kwa basi anatumia siku tatu: ya kwenda, ya kununua na ya kurudi. Tuseme nauli ni Sh60,000 kwenda na kiasi hicho kurudi, jumla Sh120,000. Malazi ya usiku mbili ni Sh40,000, na chakula Sh30,000. Duka likifungwa siku tatu na faida yake ni Sh25,000 kwa siku, amepoteza Sh75,000. Safari nzima imemgharimu Sh265,000. Wengi hawahesabu hiyo faida ya duka lililofungwa, lakini ni fedha.

Kwa ndege anaondoka asubuhi, ananunua siku hiyo hiyo, analala usiku mmoja, na kesho yake mchana amefungua duka. Malazi Sh20,000, chakula Sh15,000, duka kufungwa siku moja na nusu Sh37,500, na teksi za kwenda na kutoka viwanjani tuseme Sh40,000. Jumla ni Sh112,500 kabla ya tiketi. Mzigo wake katika hali zote mbili unakuja kwa lori.

Toa Sh112,500 katika Sh265,000. Zinabaki Sh152,500, yaani Sh76,250 kwa kila safari. Hiyo ndiyo bei yake ya kukatia shauri. Tiketi ikiwa chini ya hapo, pamoja na kodi, ada na begi, apande ndege. Ikizidi, apande basi bila kuona aibu. Akiwa na duka la faida ya Sh50,000 kwa siku, bei hiyo inapanda hadi Sh95,000. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mmoja aweke zake, lakini njia ya kukokotoa ni hiyo hiyo.

Zingatia maneno "pamoja na kodi, ada na begi." Bei ya kwenye tangazo siyo bei ya kwenye mfuko wako. Mimi mwenyewe niliwahi kusafiri na kampuni moja ambayo sitaitaja, nikiwa na boksi la sampuli za mbegu. Uwanjani nilitozwa kwa boksi lile fedha nyingi kuliko tiketi yangu. Kosa lilikuwa langu, sikusoma masharti. Lakini nilijifunza kwamba kwa kampuni hizi begi ni bidhaa inayouzwa, kama kiti.

Hilo linatuleta kwa mkulima, na hapa lazima tuseme ukweli hata kama hauvutii. Parachichi, viazi, mchele wa Kyela na vitunguu havitapanda ndege hizi. Ni vizito, na bei yake kwa kilo haibebi gharama ya anga ndani ya nchi. Tena kampuni nyingi za nauli chee hazipendi mizigo, kwa sababu kupakia na kupakua kunakula ile nusu saa ya kugeuza ndege. Kwa mkulima wa mazao hayo, barabara ya vumbi kutoka shambani hadi lami ina thamani kuliko ndege kumi.

Hata hivyo yapo mazao na pembejeo ambazo hesabu yake inakubali: vifaranga vya siku moja, chanjo za mifugo zinazohitaji ubaridi, mbegu za mboga zinazouzwa kwa gramu, vanila ya Kagera, vipuri vya mashine ya kukoboa iliyokwama katikati ya msimu. Hivi ni vyepesi, vina thamani kubwa, na vinaharibika au vinatia hasara vikichelewa. Kwa mwenye biashara ya namna hii, ndege ya kila siku yenye nafasi ya mzigo inaweza kubadili maisha.

Na tusichanganye hili na suala la kuuza nje. Kwa miaka mingi mboga na maua ya Arusha yamesafirishwa kwa lori hadi Nairobi ili yapate ndege ya kwenda Ulaya. Hilo halitatuliwi na ndege ya abiria ya Dar na Mwanza. Linahitaji ndege za mizigo, kama ile Boeing 767 ambayo ATCL iliipokea Juni 2023, pamoja na vyumba vya ubaridi viwanjani. Ni mjadala wa siku nyingine.

Je, tufanyeje mgeni akibisha hodi?

Kwa Serikali nina maombi manne. Kwanza, kampuni ionyeshe mtaji wa kuendesha safari kwa muda mrefu hata kama haijapata faida, si fedha za kununulia matangazo tu. Pili, fedha za tiketi ambazo safari zake hazijafanyika ziwekewe dhamana, ili siku kampuni ikianguka mama wa Mwanjelwa arudishiwe chake. Tatu, mgeni asipewe msamaha wa kodi ambao kampuni za wenyeji hazina, kwa sababu tutakuwa tumerudi pale pale pa mkulima kumlipia abiria nauli. Nne, viwanja vya mikoani viwekewe taa na sehemu ya kuhifadhia mizigo midogo inayoharibika. Taa hazichagui mgeni wala mwenyeji. Zikiwaka, gharama inashuka kwa wote.

Nasi wenyewe tunayo ya kufanya. Usisaini mkataba wa kupeleka bidhaa kila wiki kwa kutegemea ndege moja ya kampuni moja. Usimkosee heshima mwenye basi anayekubebea vifurushi kwa uaminifu miaka kumi, maana siku ndege ikikoma utamrudia. Kata tiketi ya karibu, usilipie safari za miezi sita mbele kwa sababu ya ofa. Na kila ukisafiri, andika gharama zote katika daftari, kisha ulinganishe.

Wenye vyama vya ushirika na vikundi wafanye moja zaidi. Kampuni mpya ikija, wasisubiri. Wapeleke barua kuuliza: nafasi ya mzigo ni kilo ngapi kwa safari, bei kwa kilo ni shilingi ngapi, na bei hiyo itadumu muda gani? Abiria wana wasemaji wengi. Kifaranga cha siku moja hakina msemaji isipokuwa mfugaji wake.

Sasa naweza kumjibu mzee wangu wa Rungwe. Mzee, parachichi zako hazitapanda ndege ile, na asikudanganye mtu. Lakini mwanao anayefuata mali Kariakoo anaweza kuipanda na kurudi mapema, na fedha atakazookoa zikarudi kijijini. Aipande huku akijua kuwa nauli ile analipiwa na mtu wa mbali, na mtu huyo siku moja atafunga mkoba wake.

Siku hiyo ikifika, basi liwepo, lori liwepo, na barabara yako iwe inapitika. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakukataza kuusalia ule msala. Walikataza kuutupa mbachao.